Kipimo na Kanuni: Majimbo ya Marekani na Sheria za Ufanisi wa Nishati, 1973–2020

Muungano wa Marekani una majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, bunge lake na mahakama zake. Mambo mengi ambayo katika nchi nyingine huamuliwa na serikali kuu, huko huachiwa jimbo: namna nyumba zitakavyojengwa, bei ya umeme itakavyokadiriwa, na kwa muda fulani hata vyombo gani vya umeme viuzwe madukani na vipi vizuiwe. Shida ya mafuta iliyotokea mwaka wa 1973 iliyapata majimbo yote kwa wakati mmoja, lakini hayakuijibu kwa namna moja. Mengine yalitunga sheria za kulazimisha ufanisi wa nishati katika vyombo na majengo. Mengine yaliiga baadaye. Na mengine yaliliacha jambo lote mikononi mwa wenye miji na wenye mali.

Aghalabu maendeleo ya majimbo hayo hulinganishwa kwa kuhesabu sheria. Jimbo lenye sheria nyingi husemwa kuwa limetangulia, na jimbo lisilo na sheria husemwa kuwa limebaki nyuma. Ulinganisho huo ni mwepesi, na una kiasi fulani cha ukweli, walakini hauelezi kwa nini sheria mbili zilizotoka katika jimbo moja, katika miaka ile ile, zilileta matokeo mbalimbali kabisa. Historia ya miaka hiyo yaonyesha jambo jingine: kanuni ilifika mbali kwa kadiri ya kipimo kilichokuwa nyuma yake. Palipokuwa na kipimo kilichokubaliwa na mtengenezaji, mnunuzi na serikali, kanuni ya jimbo moja iliweza kuwa kanuni ya nchi nzima. Palipokosekana kipimo hicho, sheria ilibaki maneno mazuri, au ilileta faida pungufu ya ile iliyoahidiwa.

Maneno yenyewe yafaa kutazamwa kwanza. Neno nishati limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni uchangamfu na wepesi wa kutenda. Katika Kiswahili cha kitaalamu limekuwa jina la nguvu zifanyazo kazi, ziwe za umeme, za mafuta, za makaa au za jua. Ufanisi katika kamusi za zamani ni mafanikio na neema. Mafundi wamelipa neno hilo maana nyembamba zaidi, yaani uhusiano wa kazi iliyopatikana na nguvu iliyotumika. Kwa hiyo ufanisi wa nishati si sawa na kubana matumizi. Mtu azimaye taa akakaa gizani amebana matumizi. Mtu apataye mwanga ule ule kwa nusu ya umeme amepata ufanisi. Na neno kanuni, lililoingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu, asili yake ni ya Kiyunani, na huko maana yake ya kwanza ilikuwa ufito ulionyoka wa kupimia. Sheria na kipimo, basi, vilikaa katika neno moja tangu zamani. Na mchuuzi wa nafaka aliyepima kwa kibaba na pishi alijua kwamba kibaba kisichojulikana ukubwa wake hakiwezi kumhukumu mtu yeyote.

Hali kabla ya 1973

Baada ya vita vya pili vya dunia, umeme wa Marekani ulikuwa rahisi, na matumizi yake yaliongezeka kwa kadiri ya asilimia 7 kila mwaka. Kitu kinachoongezeka kwa kadiri hiyo huwa maradufu katika miaka kumi. Makampuni ya umeme yaliyachukua maongezeko hayo kama jambo la maumbile, yakapanga mitambo mipya kwa kuufuata mstari huo. Watengenezaji wa vyombo nao hawakuwa na sababu ya kuhesabu umeme. Majokofu yalizidi kuwa makubwa, yakapata sehemu za kugandisha zisizohitaji kukwanguliwa barafu, na mengine yakafanywa kuta nyembamba ili nafasi ya ndani iongezeke. Na karibu kila badiliko lilizidisha umeme uliotumika. Ilipofika katikati ya miaka ya 1970, jokofu jipya la kawaida lilitumia kama kilowati-saa 1,800 kwa mwaka.

Wachache waliutilia shaka mwendo huo. Mwaka wa 1972 shirika la utafiti la RAND lililiarifu Bunge la California kuhusu mashaka yatakayolipata jimbo hilo kama ongezeko la umeme likiendelea vile vile, na likaeleza kwamba yawezekana kulipunguza. Habari hizo zingaliweza kusahauliwa, kama nyingine nyingi za namna yake. Lakini mwezi wa Oktoba mwaka wa 1973, wakati wa vita baina ya Waarabu na Israeli, nchi za Kiarabu zenye mafuta zilikataa kuiuzia Marekani. Marufuku hiyo iliondolewa mwezi wa Machi 1974, lakini bei ya pipa, iliyokuwa kama dola 3, ilikuwa imekaribia dola 12. Jambo lililokuwa la wataalamu likawa la kila mwenye nyumba.

California na jokofu

Mwezi wa Mei mwaka wa 1974 gavana wa California, Ronald Reagan, alitia sahihi sheria iliyojulikana kwa majina ya wabunge wawili walioiandaa, Charles Warren na Alfred Alquist. Sheria hiyo iliunda tume ya nishati iliyoanza kazi mwaka wa 1975, na kuipa mamlaka tatu kwa pamoja: kukadiria mahitaji ya umeme ya jimbo, kutoa au kunyima ruhusa ya kujenga mitambo mikubwa, na kuweka kanuni za ufanisi kwa vyombo na majengo. Kuunganishwa kwa mamlaka hayo ndiko kulikoipa tume nguvu. Chombo kile kile kilichoulizwa kama mtambo mpya wahitajika kiliweza kujibu kwamba umeme huo wapatikana kwa gharama ndogo zaidi katika majokofu ya watu.

Jibu hilo halikutolewa kwa kubahatisha. Katika chuo kikuu cha Berkeley alikuwako mtaalamu wa fizikia, Arthur Rosenfeld, aliyezaliwa mwaka wa 1926 na kusoma Chicago chini ya Enrico Fermi. Baada ya marufuku ya mafuta aliiacha kazi yake ya kuchunguza chembe za maada, akageukia matumizi ya nishati. Yeye na mwanafunzi wake David Goldstein waliyatazama majokofu yaliyokuwa sokoni, wakalinganisha bei ya kila moja na umeme uliotumiwa nalo. Waliona kwamba kati ya majokofu yenye ukubwa mmoja na sifa moja, matumizi ya umeme yalitofautiana sana, lakini tofauti hiyo haikuhusiana na bei. Jokofu lililokula umeme mwingi halikuwa rahisi zaidi dukani, wala lililokula kidogo halikuwa ghali zaidi.

Ugunduzi huo ulikuwa na uzito mkubwa katika hoja za sheria. Wapinzani wa kanuni walisema kwamba mnunuzi ajua faida yake mwenyewe, na kwamba serikali ikilazimisha ufanisi itamfanya alipe zaidi. Lakini kama bei haikuhusiana na ufanisi, mnunuzi hakuwa amechagua kitu. Alikuwa amenunua gizani. Tena watu wengi waliotumia majokofu hawakuwa wamenunua wenyewe. Katika nyumba za kupanga, mwenye nyumba ndiye aliyenunua jokofu, na mpangaji ndiye aliyelipa umeme. Mwenye nyumba alitafuta lililo rahisi, na hasara yake ikamwangukia mtu ambaye hakuulizwa, mara nyingi maskini kuliko yeye.

Kipimo kilikuwa tayari. Jokofu liliwekwa katika chumba chenye joto la nyuzi 90 za Fahrenheit, yaani kama nyuzi 32 za Celsius, milango ikiwa imefungwa. Joto hilo kubwa lilikuwa badala ya ufunguaji wa milango unaotokea jikoni. Kipimo hicho hakikufanana kabisa na maisha ya nyumbani, walakini kilikuwa kimoja kwa wote, na kiwanda chochote kiliweza kukirudia na kupata jibu lile lile. Mwaka wa 1976 tume ilipitisha kanuni za majokofu, nazo zikaanza kutumika mwaka wa 1977. Jokofu lililozidi kiasi cha umeme kilichowekwa halikuruhusiwa kuuzwa katika jimbo.

Wakati huo huo ulikuwako mpango wa kujenga mtambo wa nyuklia wa Sundesert, jangwani karibu na mji wa Blythe. Rosenfeld alieleza baadaye kwamba alimwonyesha gavana aliyefuata, Jerry Brown, kuwa kanuni za majokofu zingeokoa umeme wa kadiri ya ule ambao mtambo huo ungetoa. Sundesert haukujengwa, mpango wake ulikwama mwaka wa 1978. Sababu zake zilikuwa zaidi ya moja, kwa maana jimbo lilikuwa pia limeweka masharti mazito juu ya takataka za nyuklia. Lakini kwa mara ya kwanza umeme uliookolewa majumbani ulitiwa katika mizani moja na umeme wa mtambo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ni kipimo.

Kaskazini Magharibi

Habari ya majimbo ya Washington, Oregon, Idaho na Montana ni tofauti, kwa kuwa huko somo lilianzia katika hasara. Majimbo hayo yalipata umeme rahisi sana kutoka katika mabwawa ya mto Columbia, ulioletwa na idara ya serikali ya muungano iitwayo Bonneville Power Administration. Kwa kuamini kwamba mahitaji yangeendelea kuwa maradufu, mashirika ya umeme ya umma yalijiunga katika Washington Public Power Supply System, yakaanza kujenga mitambo mitano ya nyuklia. Gharama zilipanda kupita makisio yote, na mahitaji hayakupanda kama ilivyotabiriwa. Mwezi wa Januari 1982 mitambo ya nne na ya tano iliachwa, na mwaka wa 1983 shirika likashindwa kulipa deni la dola bilioni 2.25 lililokopwa kwa ajili ya mitambo hiyo miwili. Katika historia ya mikopo ya mashirika ya umma ya Marekani, haikuwa imetokea hasara kubwa kama hiyo. Kati ya mitambo mitano, mmoja tu ulimalizika.

Kabla anguko hilo halijakamilika, bunge la muungano lilikuwa limepitisha sheria ya umeme ya eneo hilo, iliyotiwa sahihi mwezi wa Desemba 1980. Sheria iliunda baraza la wajumbe wanane, wawili kutoka kila jimbo. Ndani yake mlikuwa na wazo jipya: umeme uliookolewa uhesabiwe kuwa chanzo cha umeme, sawasawa na bwawa au mtambo, tena utangulizwe mbele ya vyanzo vingine, na gharama yake ihesabiwe kwa unafuu wa asilimia 10. Mpango wa kwanza wa baraza, wa mwaka wa 1983, ulikuwa na kanuni za mfano za kujenga nyumba zenye kutumia umeme kwa joto.

Baraza, hata hivyo, halikuwa bunge. Kanuni zake za mfano zilihitaji kutiwa katika sheria na kila jimbo au kila mji. Washington iliziingiza katika sheria ya jimbo zima iliyoanza kutumika mwaka wa 1991, na Oregon haikukawia. Idaho ilichelewa zaidi. Umeme ulikuwa wa mto mmoja, baraza lilikuwa moja, na mpango ulikuwa mmoja, lakini mamlaka ya kukagua nyumba yalikuwa ya jimbo na mji, na hapo ndipo mwendo ulipoachana.

Eneo hilo lilifanya jambo jingine lenye manufaa kwa elimu. Katika miaka ya 1980, katika mji na wilaya ya Hood River huko Oregon, karibu kila nyumba iliyostahili ilizibwa nyufa na kuongezewa vizuia joto bila malipo, au kwa malipo madogo sana, ili ipimwe ni kiasi gani cha umeme kingeweza kuokolewa. Watu walijitokeza kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Lakini mita ziliposomwa, umeme uliookolewa ulikuwa chini ya nusu ya ule uliokadiriwa. Sababu moja ni kwamba watu wengi hapo kabla walikuwa wakivumilia baridi na kuota moto wa kuni, kwa hiyo hawakuwa wakitumia umeme mwingi kama mahesabu yalivyodhani. Mradi haukuwa wa bure kwa sababu hiyo. Tofauti ya makisio na mita ilikuwa faida yake iliyo kubwa. Baraza lilipata desturi ya kusoma mita kabla ya kutangaza ushindi, na kwa desturi hiyo eneo lilikuja kuhesabu ufanisi kuwa chanzo chake cha pili kwa ukubwa, baada ya maji ya mabwawa.

Kutoka sheria ya jimbo hadi sheria ya muungano

Serikali ya muungano ilikwenda kwa kusitasita. Sheria ya mwaka wa 1975, iliyotiwa sahihi na Rais Gerald Ford, iliagiza vyombo vipimwe na viwekewe vibandiko vya kumweleza mnunuzi matumizi yake, lakini malengo ya ufanisi yalikuwa ya hiari. Sheria ya mwaka wa 1978, wakati wa Rais Jimmy Carter, iliiagiza Wizara ya Nishati iweke kanuni za lazima. Wizara ilitoa mapendekezo mwaka wa 1980, lakini serikali ikabadilika kabla hayajathibitishwa. Reagan, ambaye sasa alikuwa Rais, hakupenda serikali iingilie biashara, na katika mwaka wa 1982 na 1983 Wizara iliamua kwamba vyombo vingi havikuhitaji kanuni yoyote. Uamuzi huo wa kutoweka kanuni ulihesabiwa kuwa ni kanuni, na kwa hiyo uliweza kuzibatilisha hata kanuni za majimbo.

Chama cha kuhifadhi mazingira cha Natural Resources Defense Council, pamoja na wengine, kilipeleka shauri mahakamani, na mwaka wa 1985 mahakama ya rufani ya Washington, D.C. iliamua kwamba Wizara ilikuwa imevunja sheria. Wakati huo majimbo yalikuwa yamekwisha kuchoka kungoja. California ilikuwa imepitisha kanuni kali zaidi za majokofu mwaka wa 1984, na New York, Massachusetts, Connecticut na Florida pia yalikuwa yamepitisha kanuni za namna mbalimbali juu ya vyombo mbalimbali.

Hapo ndipo watengenezaji walipogeuka. Katika miaka ya 1970 California peke yake ilikuwa na kama sehemu moja katika kumi ya watu wote wa Marekani. Kiwanda hakikuweza kuliacha soko la namna hiyo. Lakini kutengeneza jokofu moja kwa California, jingine kwa New York na jingine kwa Florida kulikuwa na gharama kubwa kuliko kutengeneza jokofu moja bora kwa wote. Watengenezaji walikaa pamoja na wale waliowashitaki, wakapatana. Bunge lilipitisha mapatano hayo mwaka wa 1986, na Reagan akakataa kuyatia sahihi; yalipopitishwa tena, aliyatia sahihi tarehe 17 Machi 1987. Basi mtu aliyeianzisha tume ya California akiwa gavana ndiye aliyetia sahihi kanuni za nchi nzima akiwa Rais, ijapokuwa baina ya sahihi hizo mbili alijaribu kuizuia njia iliyoziunganisha.

Matokeo yake yalionekana. Kanuni za muungano za majokofu zilianza mwaka wa 1990, zikakazwa mwaka wa 1993, na tena mwaka wa 2001. Baada ya mwaka huo jokofu jipya la kawaida, lililo kubwa kuliko lile la miaka ya 1970, lilitumia chini ya kilowati-saa 500 kwa mwaka, badala ya 1,800. Mpangaji ambaye hakuchagua jokofu lake alilipa chini ya theluthi ya umeme wa zamani.

Mapatano ya 1987 yalikuwa na bei yake. Majimbo yaliacha haki ya kuweka kanuni zao juu ya vyombo vilivyotajwa katika sheria ya muungano, isipokuwa kwa ruhusa ya pekee. Yalibakiwa na vyombo visivyotajwa, na huko waliendelea kutangulia. Maryland ilipitisha sheria ya vyombo vingine mwaka wa 2003. Gavana aliikataa, na bunge la jimbo likampinga na kuithibitisha mwezi wa Januari 2004. Majimbo mengine yalifuata, na sheria ya muungano ya mwaka wa 2005 ikachukua vingi vya vyombo hivyo. California iliweka kanuni za televisheni mwaka wa 2009 na za vyombo vya kuchaji betri mwaka wa 2012. Mwendo ulikuwa ule ule: jimbo hujaribu, majirani huiga, viwanda huomba kanuni moja, na muungano huikubali. Lakini mwendo huo wahitaji jimbo la kwanza liwe na soko kubwa au majirani wengi, na kitu chenyewe kiwe chaweza kupimwa kabla hakijafika dukani.

Majengo

Nyumba si jokofu. Haitoki kiwandani ikiwa na kibandiko. Hujengwa na mafundi wengi, kwa siku nyingi, katika hali ya hewa ya mahali pake, na ufanisi wake hautegemei michoro tu, bali hata namna fundi mmoja alivyoziba pembe ya dirisha. Mkaguzi huja mara chache, na aghalabu hutumwa kwanza kutazama hatari ya moto na kuanguka.

California ilianza kutumia kanuni za nishati za majengo mwaka wa 1978, katika Sura ya 24 ya kanuni za jimbo, na zimekuwa zikikazwa mara kwa mara. Wakati wa kuanzishwa ilitabiriwa kwamba zingepunguza nishati ya nyumbani kwa asilimia 80. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2016, mwanauchumi Arik Levinson alizilinganisha nyumba zilizojengwa kabla na baada ya kanuni hizo, kwa njia tatu mbalimbali, akakuta kwamba akiba iliyopatikana ilikuwa pungufu sana ya utabiri huo. Huko Gainesville, mji wa Florida, Grant Jacobsen na Matthew Kotchen walizilinganisha mita za nyumba zilizojengwa kabla na baada ya kanuni kukazwa mwaka wa 2002, wakaona umeme umepungua kwa asilimia 4 na gesi kwa asilimia 6. Mabadiliko ya Gainesville yalikuwa madogo, na akiba yake ikawa ndogo, karibu na ilivyotazamiwa. Ahadi ya California ilikuwa kubwa, na mita hazikuifikia.

Majimbo mengine yalifika katika kanuni za majengo kwa njia zisizotazamiwa. Texas, jimbo la mafuta na gesi, lilikuwa la kwanza kuyalazimisha makampuni ya umeme kupata sehemu ya ongezeko la mahitaji kwa njia ya ufanisi: sheria ya mwaka wa 1999 iliyataka yafikie asilimia 10 ya ongezeko hilo kabla ya mwaka wa 2004. Tena mwaka wa 2001 Texas ilipitisha kanuni za nishati za majengo kwa jimbo zima, na sababu kubwa ilikuwa uchafu wa hewa katika miji mikubwa, ambao serikali ya muungano ilitishia kuuadhibu. Atazamaye siasa za jimbo peke yake asingelitegemea jambo hilo.

Arizona na Missouri, kwa upande mwingine, yalishika desturi ya kuiachia miji mamlaka ya ujenzi. Mji wa Phoenix au St. Louis waweza kuwa na kanuni nzuri, na wilaya ya jirani isiwe na kanuni yoyote. Kuliita jimbo la namna hiyo lililobaki nyuma ni kweli kwa wastani, na si kweli kwa mwenyeji wa mjini.

Mwaka wa 2009 serikali ya muungano ilijaribu kuyafanya majimbo yote yaende pamoja kwa kutumia fedha. Katika sheria ya kufufua uchumi, dola bilioni 3.1 ziliwekwa kwa ajili ya mipango ya nishati ya majimbo, na kila gavana alitakiwa kuandika ahadi kwamba jimbo lake litapitisha kanuni za majengo za mwaka huo, na kwamba katika miaka minane kanuni hizo zitatimizwa katika asilimia 90 ya ujenzi mpya. Gavana wa Alaska, Sarah Palin, alizikataa dola milioni 28.6 za jimbo lake kwa kuogopa kufungwa na kanuni hizo. Bunge la Alaska lilimpinga mwezi wa Agosti 2009 na kuzipokea. Ahadi zilipatikana. Lakini asilimia 90 ya kutimiza ni neno la kipimo, na majimbo mengi hayakuwa na wakaguzi wa kutosha, wala njia moja iliyokubaliwa ya kulihesabu. Ahadi ilitangulia kipimo.

Kulinganisha majimbo

Tangu mwaka wa 2007 Baraza la Marekani la Uchumi Wenye Ufanisi wa Nishati limekuwa likiyapanga majimbo kwa daraja. California ilikaa juu mpaka mwaka wa 2010. Mwaka wa 2011 Massachusetts iliipita, ikashika nafasi ya kwanza, ikiwa sawa na California mwaka wa 2016, mpaka California ilipoirudia peke yake mwaka wa 2020. Massachusetts ilipanda kwa sheria ya mwaka wa 2008 iliyoyataka makampuni ya umeme na gesi kupata kwanza ufanisi wote ulio rahisi kuliko nishati mpya, na kwa kanuni ya ziada ya majengo ya mwaka wa 2009 ambayo kila mji kati ya miji 351 uliweza kuichagua. Daraja hizo zilikuwa na faida: magavana hawakupenda kuwa chini. Lakini hupima sana sera, na sera ni ahadi ya matokeo.

Matokeo yenyewe yalikuwa na mjadala wake. Tangu katikati ya miaka ya 1970, matumizi ya umeme kwa kila mtu wa California yalikaa karibu na kilowati-saa 7,000 kwa mwaka, wakati wastani wa Marekani ulipanda kutoka kama 8,000 hadi kama 12,000. Mstari huo uliolala umeitwa kwa jina la Rosenfeld, nao umeonyeshwa mara nyingi kama ushahidi wa kanuni. Lakini mwaka wa 2008 Anant Sudarshan na James Sweeney wa Stanford waliuchambua, wakakadiria kwamba sera zaweza kueleza kama robo tu ya tofauti hiyo. Sehemu kubwa ilitokana na mambo mengine: hewa ya pwani isiyo na joto kali wala baridi kali, viwanda vya namna nyingine, ukubwa wa nyumba na wa jamaa zinazokaa ndani yake. Levinson naye aliongeza kwamba watu wa Marekani walikuwa wakihamia majimbo ya joto, ambako viyoyozi hufanya kazi usiku na mchana, na hivyo wastani wa nchi ulipanda bila California kufanya lolote.

Robo si kitu kidogo katika jimbo la watu milioni wengi. Lakini anayeichukua tofauti yote kuwa kazi ya sheria, kisha akaipeleka sheria hiyo katika nchi ya joto na kungoja matokeo yale yale, ataaibika. Na aibu yake itatumiwa na wale wasiotaka sheria yoyote. Madai yaliyozidi huidhuru kanuni njema kuliko upinzani.

Hitimisho

Katika miaka hamsini hivi majimbo ya Marekani yalitofautiana kwa bahati za mahali, kwa mamlaka yaliyopewa miji, na kwa siasa za magavana. Lakini tofauti iliyodumu ilikuwa ya vipimo. Kanuni ya jokofu iliianza safari California mwaka wa 1976 ikafika kila jimbo mwaka wa 1990, kwa kuwa jokofu liliweza kupimwa katika chumba kimoja kwa njia moja. Kanuni ya nyumba ilianza jimbo lile lile miaka miwili baadaye, na mpaka mwaka wa 2020 haikuwa imefika kila jimbo, wala haikuwa imetimiza ahadi yake hapo ilipoanzia. Majimbo ya mto Columbia, yaliyofundishwa na hasara, yalijifunza kusoma mita kabla ya kusifu mpango.

Kwa sababu hiyo, anayelinganisha serikali za majimbo katika jambo hili hapaswi kuuliza tu ni sheria ngapi zimepitishwa. Apaswa kuuliza ni kitu gani kilichopimwa, ni nani aliyekipima, na ni nani aliyelipa kipimo kilipopungua. Swali la mwisho ndilo zito. Sheria inapokosa kipimo, mtungaji wake hapati hasara, wala kiwanda, wala mwenye nyumba aliyepangisha. Hasara huonekana mwisho wa mwezi katika hesabu ya umeme ya mtu ambaye hakuchagua jokofu wala ukuta.